Gemu la Kamati

Waswahili wa London, ukiwaambia nyumba inaungua, watakwambia kwanza iundwe kamati ya maji. Atachaguliwa mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, na mlezi ambaye mwenyewe hana habari kwamba ni mlezi. Itasomwa dua ya ufunguzi. Itajadiliwa ndoo iwe ya rangi gani, isije ikafanana na rangi ya chama fulani kule nyumbani. Mwisho kabisa, nyumba ikishakuwa jivu, atatafutwa mwanamke wa kufagia.

Nasema haya nikiwa mmoja wao, na mwanamke wa kufagia nilikuwa mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na nne, nakaa na mama yangu katika fleti ya kaunsili ya mji, Tottenham, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za madaktari. Daktari anasema kwenye kaseti, mimi natia spika masikioni, mguu kwenye pedali, naandika. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu miaka ya tisini na niliichukia kazi ile kwa moyo wangu wote. Daktari mmoja alikuwa na tabia ya kula huku akirekodi, na mimi nikiandika habari za matumbo ya watu huku namsikia akitafuna biskuti.

Siku moja, kwenye duka la magazeti karibu na stesheni ya Seven Sisters, nikaona jarida la kompyuta limebandikwa sidii juu yake. Ndani ya sidii mlikuwa na injini ya kutengenezea gemu, toleo dogo, la bure. Injini, kwa asiyejua, ni programu inayobeba kazi nzito zote za gemu: inachora, inatia mwanga, inahakikisha mtu akigonga ukuta anasimama. Wewe unaleta vitu vyako, yenyewe inavifanya viende. Nilipokuwa skuli nilikuwa nikichora vijitu pembezoni mwa daftari, kimoja kila ukurasa, halafu nikizipitisha kurasa haraka kwa kidole, na vile vijitu vinakimbia. Nilipigwa fimbo kwa ajili hiyo, tena si mara moja. Nikalinunua jarida.

Mwezi huohuo nikapata kipeperushi cha chuo kimoja, ng'ambo ya mto, chenye kozi ya animesheni na utengenezaji wa gemu. Waliwachukua watu wazima hata wasio na vyeti, kwa sharti moja: uje na gemu moja lililokamilika, ulilolifanya kwa mkono wako. Nilikisoma kile kipeperushi ndani ya treni mpaka nikapitiliza stesheni yangu. Sijapata kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka nafasi ile. Usaili ulikuwa baada ya mwaka na miezi miwili, na nikaona muda huo unatosha.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya sidii, kurasa mia tatu, nami nikawa nakichapa kazini kurasa tano tano kwa siku, nikizificha kati ya barua za figo na barua za macho. Aliyekiandika alikuwa na neno lake alilolipenda: “tu”. Bonyeza hapa tu. Tengeneza chumba tu. Ukiona mtu anakwambia “tu” kwa jambo gumu, ama ni mwongo ama hajapata kumfundisha mtu. Nilitengeneza chumba changu cha kwanza, nikabonyeza pa kuchezea, skrini ikawa nyeusi tii. Nikadhani nimeiua kompyuta. Siku mbili nilihangaika na giza lile, nikazima, nikawasha, nikaisomea na Ayatul Kursi, kabla ya kugundua kwamba katika dunia ile hakuna mwanga mpaka uutie wewe. Kitabu kililisema hilo ukurasa wa mia na kumi. Mtu mwenye akili angelisema ukurasa wa kwanza.

Nilipotia taa nikaona nilichokifanya: kijisanduku cha rangi ya tope. Nikajaribu kutembea ndani yake, nikadidimia sakafuni nikaanguka, nikawa naanguka tu kwenda chini kusiko na mwisho, kwa sababu sakafu sikuiambia kwamba ni ngumu. Mle kila kitu lazima ukiambie kilivyo, sakafu, ukuta, mpaka mlango. Mama yangu alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akaniona ninavyoanguka, akauliza kama haya ndiyo niliyoachia kupika.

Kilichonikera kuliko vyote ni mkono. Ukianza gemu lolote kwa injini ile, tayari mbele yako pana mkono umeshika bunduki. Hukuuomba. Mkono wenyewe wa mwanamume, una manyoya mpaka kwenye vifundo vya vidole, umevaa glavu iliyokatwa ncha. Na hapo nimekaa mimi, mtoto wa kike wa Kipemba na ushungi wangu, mkono ule unatoka kifuani kwangu. Wataalamu waliounda injini ile walikaa wakafikiri binadamu akiingizwa katika dunia mpya atafanya nini kwanza, wakaona atampiga mtu risasi. Nikaufuta mkono, nikaweka kikapu cha ukili.

Kufika hapo nilikuwa peke yangu na nilikuwa na furaha. Kosa langu lilikuwa kusema. Tulikuwa Ilford kwenye akika ya mtoto wa watu, nimekaa jikoni na wanawake wenzangu tunapakua, mmoja akaniuliza mbona siku hizi sionekani. Nikamwambia najifunza kutengeneza gemu, na nataka liwe la Kiswahili. Sinia la pili la biriani halijatoka jikoni, habari ilikwishamfikia mumewe ukumbini. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri ya maikrofoni, na hakuwa amepata uenyekiti wowote tangu jumuiya yake ya mazishi ivunjike kwa ugomvi. Alikuja mpaka mlango wa jikoni.

“Mwanangu,” akaniambia, “jambo hili kubwa. Hili si la mtu mmoja. Watoto wetu hapa unawasalimu Kiswahili, wanakujibu Kiingereza. Hii project lazima iwe ya community.”

Nikasema ewallah, mzee. Laiti ningejifanya kiziwi.

Jumapili iliyofuata, baada ya adhuhuri, wakakutana wanaume kumi na mmoja katika ukumbi wa kukodi kulekule Ilford. Mimi nilikuja kwa mabasi mawili nikiwa na kompyuta ya mkononi niliyoazima kazini, nikidhani nitawaonyesha chumba changu. Haikufunguliwa. Ilichukua saa tatu kugawa vyeo. Mwenyekiti alikuwa ameshajulikana. Ukatibu akapewa mtu wa miaka arubaini hivi, muuza simu, aliyekuwa na cheti cha kompyuta alichokitia kioo na kukitundika sebuleni kwake. Katika mikutano yote sikupata kumwona akiigusa kompyuta, lakini kuizungumza alijua. Alisema “platform”, akasema “networking”, akasema “going forward”, na wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilichaguliwa mjumbe wa viburudisho.

“Na atakayelitengeneza gemu lenyewe?” nikauliza.

“Hilo la kiufundi, bibie,” akasema katibu. “Tutaliangalia mbele ya safari. Kwanza structure.”

Wakakutana kila baada ya wiki tatu. Mkutano mmoja mzima ulikwenda kwa rangi ya kanga atakayovaa mhusika, maana rangi hii ni ya chama kile na rangi ile ni ya chama hiki, mpaka ikaamuliwa avae kahawia, rangi ambayo sijapata kumwona mwanamke wa kwetu akaifurahia. Mkutano mwengine ukawa wa kuamua mhusika ni wa Unguja au wa Pemba. Mara mjumbe mmoja akauliza kama kuchora kiumbe chenye roho kunajuzu. Mwenzake akamjibu kwamba kwenye kompyuta inajuzu kwa sababu kiumbe hakina kivuli. Wakabishana mpaka magharibi. Mimi nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikimhangaikia mhusika wangu apate kivuli kizuri, nikapitisha sambusa.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Cha wale hakikupata hata huo mrama, kilikuwa bado kinajadiliwa rangi. Niliwadharau, na sitaki kusema uongo, niliifurahia dharau yangu. Narudi Tottenham ndani ya basi nikiwaigiza sauti kimoyomoyo, nacheka peke yangu, nafika nyumbani nawasha kompyuta nafanya kazi yao.

Gemu lilikuwa hivi. Mchezaji ana kikapu, yuko kwenye mtaa wenye nyumba saba, ametumwa kwenda kuazima vitu vya kupikia. Katika kila mlango amekaa mtu mzima. Ukimsalimu inavyostahiki anakujibu, anakupa kitu, mlango wa pili unafunguka. Usipomsalimu utasimama hapo mpaka Kiyama. Basi. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja, na kumfanya atembee kulinichukua miezi minne. Katika animesheni hufanyi kila hatua. Unamweka mtu mikao mikuu, mguu huu mbele, uzito hapa, mkono ule nyuma, na injini inajaza zilizobaki katikati. Ukikosea mkao mmoja anatembea kama kabati linalohamishwa. Kitabu kilitoa mfano wa askari anayekimbia, hakikuwa na habari na bibi. Nikamwomba mama yangu atembee ukumbini kwetu, kutoka mlango wa choo hadi dirishani, nami nikichora.

“Mie leo nshakuwa mwanasesere?” akasema. Lakini akatembea. Akatembea mara ishirini, na nyonga yake ile inayomuuma, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo na bega likiufuata. Nikauweka mguu ule kama ulivyo. Siku bibi alipotembea kwenye skrini, mama yangu alimtazama muda mrefu, akasema huyu nyonga inamuuma, mpe kitu cha kushikia. Katika mambo yote ya miezi ile, hilo peke yake sina la kulidharau.

Salamu ndiyo iliyonishinda. Sikujua kuandika programu mpya ya salamu, na kitabu hakikuwa nayo, kwa hivyo nikatumia kilichokuwepo: bunduki. Nikaondoa risasi, nikaweka neno. Ukibonyeza kitufe, badala ya risasi inatoka sauti yangu inasema “Shikamoo”, inamfikia bibi, na yeye anajua amefikiwa. Nilijiona hodari kupita kiasi. Nikajaribu. Nikabonyeza, shikamoo ikamfikia bibi, bibi akarushwa nyuma hatua tatu. Nikamsalimu tena, akagonga ukuta. Shikamoo ya tano ikamuua. Alianguka kifudifudi na kanga yake ya kahawia, na injini, kwa furaha yake yenyewe, ikaniandikia pointi mia.

Ilinichukua wiki tatu kujua uzito wa risasi umefichwa wapi na uhai wa bibi unahesabiwa wapi. Bahati mbaya ni kwamba katika wiki tatu hizo katibu alikwishapitisha azimio. Gemu ni mali ya jumuiya, akasema, na mali ya jumuiya haiwezi kukaa nyumbani kwa mtu binafsi. Itahifadhiwa na katibu. Nikamwambia bado halijakamilika. Akasema si neno, nimpe lilipofika. Nikamnakilia sidii, akaifunga kwenye kabati lake pamoja na mihtasari ya mikutano, na nilipomaliza kurekebisha nikampelekea sidii ya pili. Akaipokea kwenye kaunta ya duka lake la simu bila kuacha kuzungumza na mteja.

Pamoja na hayo alinipa karatasi yenye majina. Kila gemu, alisema, mwishoni huwa na orodha ya waliohusika. Mwenyekiti juu, kisha mlezi, kisha makamu, wote kumi na mmoja na vyeo vyao, na chini pamewekwa anwani ya jumuiya kwa mawasiliano, ambayo ilikuwa nyumba yake. Mbele ya jina lake alijiandika katibu na mtengenezaji mkuu. Jina langu lilikuwa la kumi na mbili, viburudisho.

“Usilichukulie vibaya, sista,” akasema. “Project lazima iwe na msemaji mmoja. Wewe tunakujua.”

Nikaiandika orodha ile kama ilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema ilikuwa kazi yangu. Mtu ataniuliza kwa nini. Kwetu aliyepika karamu hasimami mlangoni akajitangaza. Anakaa jikoni. Wageni wakishashiba ndio wanauliza, jamani, leo nani kapika? Na jibu hulitoi wewe, hutolewa na wenzako. Ukijisema mwenyewe, chakula kinageuka shubiri, na watu watakusimulia mpaka kwenye arusi ya mjukuu wako. Mimi nilikuwa nasubiri kuulizwa. Nilikuwa na hakika nitaulizwa, na hapo wote wataona haya.

Uzinduzi ukafanywa wiki mbili kabla ya usaili wangu. Ukumbi uleule, watu kama themanini, na mgeni rasmi, mfanyabiashara wa kusafirisha makontena, mtu ambaye gemu pekee alilolijua ni karata. Ikasomwa Kurani, ikasomwa risala, akasema mwenyekiti, akasema makamu, akasema mlezi, ambaye siku ile ndipo alipojua kuwa ni mlezi. Katibu alitoa historia ya mradi kwa dakika arubaini. Watoto walikwishalala juu ya makoti. Mimi nilikuwa jikoni na masinia.

Hatimaye taa zikapunguzwa, katibu akatia sidii, picha ikatokea ukutani. Mtaa wangu. Nikasogea mlangoni na sinia mkononi nikauangalia, na mtaa wenyewe ulikuwa mzuri. Mgeni rasmi akakalishwa kitini, akashikishwa mausi, akaonyeshwa kitufe. Akabonyeza. “Shikamoo,” ikasema sauti yangu, na bibi akaruka nyuma hatua tatu.

Nikajua papo hapo. Alikuwa ametia sidii ya kwanza. Ya pili ilikuwa imo kabatini, haijapata kufunguliwa.

Nilitaka kupiga kelele, lakini mgeni rasmi alikuwa ameshanogewa. Akabonyeza tena. Na tena. Bibi wa watu akagonga ukuta, akajiinua na nyonga yake mbovu, akapokea ya nne. Ya tano ikamlaza chini, pointi mia zikawaka ukuta mzima. Kisha sauti ya mtoto ikatoka nyuma, “He killed the granny!”, na watoto wote wakaamka. Wakavamia mbele, wanagombania mausi, wanapiga mayowe, “Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!” Kwa miaka yote niliyokaa na watu wale sikupata kuwasikia watoto wao wakisema Kiswahili kwa raha namna ile.

Mwenyekiti akashika maikrofoni.

“Ndugu zangu Waislamu,” akasema, “tustahamiliane. Kuna kasoro ndogo za kiufundi. Sisi kamati tulitoa muongozo mzuri sana. Ila mtengenezaji wake ni dada yetu, yule pale mlango wa jikoni.”

Vichwa themanini vikageuka. Baada ya mwaka mzima hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyotajwa. Nikasimama na sinia la kachori mkononi, nimeona haya na nimekasirika, na sikuweza kusema kwamba nililirekebisha, kwamba sidii nzima iko kabatini kwa katibu, kwa sababu kumtolea mtu mzima aibu yake mbele ya mgeni ni jambo nisilolijua linavyofanywa. Nikapitisha kachori. Mama yangu, aliyekuwa amekaa safu ya pili, alingoja tufike nyumbani. Akasema, “Debe tupu haliachi kuvuma,” akaenda kulala.

Nikajiambia basi, kamati nimemaliza nayo, kilichobaki ni usaili. Nilikuwa na gemu zima, lililorekebishwa, nyumba saba, kila mtu na mwendo wake na sauti yake. Majina yale sikuyafuta. Mara mbili nilifungua ile orodha na mara mbili niliifunga. Niliona kufuta majina ya watu wazima ni sawa na kuwatukana, na pia, kusema kweli, niliamini kazi inajulikana yenyewe. Mtu mwenye akili akiiona atauliza.

Aliyenisaili chuoni alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na chumba chake kilijaa vinyago vya udongo. Hakunitazama sana, alilitazama gemu. Akachukua kikapu, akaingia mtaani, akamfikia bibi, akajaribu kupita. Hakupita. Akacheka. Akabonyeza, ikatoka shikamoo, na bibi akageuka taratibu, akashika ukuta, akasema “Marahaba, mwanangu” kwa sauti ya mama yangu. Mlango ukafunguka. Yule mwanamke akaisogelea skrini. Akarudi nyuma makusudi amwone bibi akitembea tena, akaniuliza yule mguu wa kushoto nimeupata wapi. Nikamwambia. Akapita nyumba zote saba, na waombaji wengine nje ya chumba walikuwa wanasubiri zamu zao. Nilikuwa nimekaa mikono mapajani, nimejaa furaha mpaka naogopa kupumua.

Gemu likaisha, majina yakaanza kupanda. Kumi na moja, na vyeo vyao. La kumi na mbili, viburudisho. Akayasoma yote kwa makini, akavaa miwani, akanigeukia, na akaniuliza lile swali nililokuwa nimelingoja mwaka mzima. Ni nani hasa aliyelitengeneza?

Nikatabasamu, nikainamisha macho, na nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba tumesaidiana.

Ulimi ulisema wenyewe. Kwetu ndilo jibu. Mpishi akiulizwa husema tumesaidiana, na hakuna mtu duniani anayelichukua neno hilo kama lilivyo. Wageni wanapaza sauti, la, wapi, huu mkono tunaujua! Unakataa tena kidogo. Mama yako anasema ni yeye peke yake, toka alfajiri yuko jikoni. Wewe unaangalia chini, na kila mtu ameshajua. Nikasubiri abishe. Nilikuwa nimejiandaa kukataa mara moja tu, halafu nikubali. Yeye akachukua kalamu, akaliandika neno langu kwenye fomu, akanishukuru kwa kuja.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Ilisema gemu ni zuri mno na mwendo wa wahusika si wa kawaida, lakini kamati ya chuo haikuweza kujua mchango wangu mwenyewe ni upi, kwa hivyo kwa mwaka ule nafasi hawatanipa. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Nililia kwa hasira, na watu waliokuwa wakipanda na mifuko yao ya sokoni wakanipisha. Nimewacheka wanaume wale kwa kila walichokisema, na hakuna aliyenifunga mdomo katika chumba kile. Walikuwa Ilford. Nilikuwa peke yangu mle ndani, nimeulizwa kwa upole, na nikajibu vile.

Jumamosi yake simu ikalia. Alikuwa katibu, amechangamka.

“Sista, salaam aleikum! Umesikia? Chuo kimoja wameniandikia huku kwenye anwani ya jumuiya. Wameliona gemu letu. Wanasema kama ndimi mtengenezaji mkuu, basi nifanye application, wanataka kuniona. Alhamisi, interview.” Akashusha sauti kidogo. “Sasa hebu nielekeze. Ile injini, inafunguliwaje?”

Nilikuwa na tusi, nalo zuri, nimelitunza tangu siku ya uzinduzi. Nikalitafuta kinywani. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kochi ananitazama, amekwishajua nani anapiga. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia katibu atie sidii kwanza. Nikamwelekeza hatua kwa hatua, polepole, mpaka akauona mtaa, akamwona bibi anatembea kwenye kompyuta ya duka lake.

“Ahsante, sista,” akasema. “Ndiyo hivyo, tumesaidiana.”

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba hamna neno.